Gesti Iliyofungwa kwa Heshima

Siku hizi Mwahija anaringa, na mimi namwacha aringe. Akipita mbele ya cherehani yangu na kikapu cha samaki, simu ameibana kati ya sikio na mtandio, utamsikia: "Karibu sana, chumba kipo, ila cha mbele kina kelele za bodaboda, nakwambia mapema." Halafu ananikonyeza. Mwaka huu huu nilimwona mwanamke huyo huyo amekaa kizingitini anakunja na kukunjua mashuka ambayo hayakulaliwa na mtu, nikajua atarudi kwao Somanga kwa kaka yake, na hapa Kilwa Masoko tutabaki kumsikia kwenye salamu tu. Kwa hiyo akiringa mimi naona raha.

Tumepakana ukuta tangu tukiwa mabibi harusi. Mimi nashona, yeye na mumewe, Bakary, waliigeuza nyumba ya wazee wa Bakary ikawa gesti, wakaiita Tulia Kwetu. Vyumba vichache, ua wenye kivuli, na jikoni ambayo harufu yake inanifuata mpaka kwenye cherehani. Mambo ya nje yote alikuwa nayo Bakary: kupokea wageni stendi, kuzungumza na watu wa boti za kwenda Kisiwani na Songo Mnara, na ile tovuti aliyotengenezewa na kijana mmoja wa Dar es Salaam. Mambo ya ndani yalikuwa ya Mwahija. Mtu akisema amelala vizuri Tulia Kwetu, amelalia mashuka ya Mwahija, na akisema amekula vizuri ndiyo usiniulize.

Bakary aliugua muda mfupi akafariki. Mwahija akakaa eda kama inavyotakiwa, miezi minne na siku kumi ndani, hatoki, haonani na wanaume wasio maharimu zake. Gesti ikafungwa. Hakuna aliyeuliza kwa nini, maana mjane aliye edani hapokei wahandisi wa barabara wala Wazungu wenye mabegi mgongoni. Tulimpelekea chakula kwa zamu, na mimi nilikuwa naingia kila alasiri kusuka naye ukili wa mikeka, mikono yake isikae bure.

Alipotoka eda, shemeji yake Salumu alikuja kutoka Lindi. Salumu si mtu mbaya, ila ana sura ya kufanya hesabu hata anapokusalimia. Alikaa barazani, akanywa chai, akasema polepole, "Shemeji, nyumba hii ni ya warithi. Wewe una fungu lako, Nusaiba ana lake, na sisi ndugu tuna letu. Kuna mfanyabiashara wa saruji anaitaka kwa ghala, akodi yote. Ukiona wageni wanarudi, endelea, sisi hatuna neno. Ila tukifika Idi ya Kuchinja na hali ni hii, itabidi aingie yule bwana."

"Na mimi nikae wapi?" Mwahija aliuliza.

"Kwa kaka yako Somanga, au kwa mwanao."

Nusaiba, binti yake, ameolewa Nachingwea na anaishi na mama mkwe katika vyumba viwili. Nilikuwa nyuma ya pazia, na nilitamani kutoka nimwambie Salumu kwamba hiyo nyumba anayoiita ya warithi, ukuta wake wa jikoni Mwahija aliukandika kwa mikono akiwa na mimba. Nikajizuia kwa sababu ya chai, haipendezi kumtukana mtu ana kikombe mkononi.

Basi akafungua. Akafua mashuka, akaanika vyandarua, akapaka chokaa ukuta wa mbele, akachoma udi vyumbani. Akangoja. Hakuja mtu. Ilipita Jumatatu, ikapita wiki, ikafuata nyingine. Wageni tuliwaona wanashuka stendi na simu zao mikononi, wanazitazama, wanageuka kulia kwenda gesti nyingine. Walipita kwenye kona yetu kama vile hatupo. Mwahija akaanza kusema labda nyumba ina kisirani. Mimi nikamwambia kisirani hakiijui njia ya Masoko, atafute sababu nyingine.

Sababu ililetwa na Huseni. Huyu ni mkaguzi wa barabara kutoka Dodoma, kila akija huku alikuwa analala Tulia Kwetu na kumaliza mihogo ya nazi yote. Siku hiyo alikuja kwangu kutengenezewa zipu ya begi, akachungulia ng'ambo ya ukuta, akamwona Mwahija anafagia.

"Mama Nusaiba! Kumbe upo? Shikamoo. Pole sana, habari za msiba nilizipata. Si mlifunga moja kwa moja?"

"Marahaba. Nani kafunga? Nimefungua siku nyingi."

Huseni akatoa simu, akamwonyesha ramani. Nyumba ilikuwepo, jina lilikuwepo, na chini yake maandishi mekundu: pamefungwa kabisa. "Mimi nilipiga na ile namba ya kwenye tovuti, haipatikani," alisema. "Nikajua biashara imekwisha. Nimeshalipia gesti ya ng'ambo ya barabara."

Palepale nikajua ni nani: Salumu. Nani mwingine ana faida nyumba ikionekana imekufa? Nilisema hivyo kwa sauti, Mwahija akaniambia nisimsingizie mtu, nikasema tena kwa sauti kubwa zaidi. Halafu tukachukua mitandio tukaenda kwa Stefania.

Stefania ni binti wa Masasi, ana steshenari karibu na stendi. Anatoa fotokopi, anajazia watu maombi ya ajira, anapiga picha za pasipoti, na ukimletea tatizo la mtandaoni hafanyi mikogo. Alitusikiliza, akafungua kompyuta, akaanza na ile tovuti. Picha ya kwanza ikatokea: bwawa la kuogelea la bluu, minazi imeinama, Mzungu amelala kwenye kiti kirefu.

"Mama, hili bwawa liko upande gani?"

Mwahija alilitazama, akanitazama mimi. "Bwawa? Sisi maji ya bomba yenyewe yanatoka yakitaka!"

Yule kijana wa Dar alichota picha mahali akabandika. Chini palikuwa na maneno ya Kiingereza ya kusifu peponi, halafu namba ya simu ya marehemu. Ndiyo maana zamani baadhi ya wageni walikuwa wanafika, wanazunguka uani mara mbili kama wamepoteza kitu, halafu wanaandika maneno makali mtandaoni. Bakary alikuwa anadhani hawapendi samaki.

"Na ramani?" niliuliza. "Nani kaandika tumefunga? Anaonekana?"

"Haonekani mtu mmoja, mama. Simu huwa zinawauliza watu waliopita hapo: mahali hapa pako wazi au pamefungwa? Wakijibu wengi kwamba pamefungwa, ramani inaandika hivyo."

"Salumu hawezi kuwa wengi," Mwahija aliniambia. Moyoni nilifikiri anaweza kuwa na simu nyingi.

Kesho yake chumbani kwangu walijaa wanawake kupima sare za harusi, nikawasimulia kisa chote, na jina la Salumu nikalikaanga vizuri. Nilipofika kwenye lile swali la simu, Agnes, mwalimu wa shule ya msingi, akaacha kujitazama kwenye kioo.

"Swali hilo hata mimi niliulizwa," alisema. "Siku tuliyokuja kuhani. Nikajibu pamefungwa. Mwenye nyumba yuko edani, ningejibu nini?"

"Na mimi," akasema mwingine aliyekuwa na pini mdomoni.

"Hata mume wangu. Tena alijibu mara mbili."

Nikaweka futi chini. Msiba ule ulikuwa mkubwa, Bakary alipendwa, watu walijaa uani kwa siku kadhaa na simu zao mifukoni. Kila simu ikauliza, na kila mtu akajibu kwa adabu. Aliyenimaliza kabisa ni Maalim Abdurahmani wa madrasa, aliyekuja kuchukua kanzu yake. Nilipomweleza alitikisa kichwa kwa kuridhika.

"Nilijibu, tena niliwahimiza na wenzangu msikitini. Tungesema pako wazi, wanaume wageni wangekuja kumgongea mjane mlango. Ilikuwa ni kumsitiri."

"Mmemsitiri mpaka hana pa kukaa, Maalim!"

Alibaki na kanzu mkononi. Kwa muda nilisikitika kwa ajili yake, kisha nikasikitika zaidi kwa ajili ya hasira yangu, maana ilikuwa haina tena pa kwenda. Mtaa mzima uliifunga gesti kwa heshima, kila mmoja kwa nia safi, na Salumu wa watu hakuhusika hata kidogo. Mwahija alipoambiwa alicheka, mara ya kwanza tangu msiba. Alicheka akajipigapiga kifuani, akasema, "Yaani mlinipenda hivyo!"

Kufungua kulikuwa na kazi kuliko kufunga. Watu wa ramani walitaka mwenye biashara ajithibitishe kwa video isiyokatwa: aonyeshe barabara, kibao cha jina, kisha afungue milango kwa ufunguo wake. Mwahija akakataa. Hajawahi kuweka uso wake mtandaoni na hakukusudia kuanza akiwa mjane.

"Hawataki uso, mama," Stefania alimwambia. "Wanataka mkono wenye ufunguo."

"Mkono tu?"

"Mkono tu, na sauti ukipenda."

Video ya kwanza iliharibika kwa sababu kibao kilikuwa kimefunikwa na kanga zangu nilizoanika. Ya pili niliiharibu mimi kwa kucheka. Ya tatu Stefania alinifukuza nikasimame uani. Nikawaona wanaingia, Stefania na simu, Mwahija mbele yake na shada la funguo. Akafungua chumba cha kwanza, akafungua cha pili, sauti yake imetulia: hapa kuna vitanda viwili, hapa kuna dirisha la uani. Wakafika chumba cha mwisho. Ndimo Bakary alimougulia, na tangu siku ile Mwahija hakuwa ameufungua mlango huo, hata wakati wa usafi aliuruka. Nilitaka kumwambia Stefania aache, lakini video ilikuwa haitakiwi kukatwa. Mkono ukasimama kwenye kitasa. Halafu nikasikia ufunguo unazunguka, na Mwahija anasema, "Na hiki ni chumba kizuri kuliko vyote, kinapata upepo." Nililia mimi. Yeye alitoka mkavu, akaenda moja kwa moja kutoa godoro juani.

Kilichomshinda kidogo ni ile namba. Laini ya Bakary ilikuwa imeshafungiwa kwa kukaa muda mrefu bila kutumika, ilibidi itolewe kwenye tovuti iwekwe ya Mwahija. Stefania alipofika hapo aligeuza kiti, akauliza, "Nifute, mama?" Mwahija akamsomea mumewe Fatiha palepale kwenye steshenari, watu wa fotokopi wamesimama mlangoni wanangoja, kisha akasema, "Futa." Nilimshika mkono njia nzima ya kurudi.

Baada ya hapo alishika kazi. Bwawa likaondoka na Mzungu wake. Ikawekwa picha ya kitanda chenye chandarua, ya ua, na ya mikono yake ikigeuza mkate wa kumimina. Maneno ya peponi nayo yakaenda. Stefania alimuuliza wageni huwa wanauliza nini, naye akajibu kama anavyojibu siku zote, ikaandikwa vilevile kwa Kiswahili, na Kiingereza chini yake. Ukifika Nangurukuru shuka, chukua gari la Masoko. Kibali cha kwenda kwenye magofu kichukuliwe ofisini mapema, boti haikungoji. Umeme ukikatika tuna taa za sola, feni hapana. Pombe hatuuzi. Chai ipo kabla ya alfajiri kwa anayewahi boti, aseme jioni.

"Mama, hayo ya feni tuyaandike kweli?" Stefania aliuliza.

"Andika. Afadhali akasirike huko kwao kuliko akasirike kitandani kwangu."

Waligombana jambo moja tu, nalo ni kujibu meseji. Mgeni akiuliza kama chumba kipo, Mwahija alikuwa anamtumia sauti ndefu: habari za huko, mmeamkaje, mvua zimenyesha, wazazi hawajambo, na chumba anakitaja mwisho kabisa pumzi zikiwa zimemwishia. Stefania alimwambia watu wa mtandaoni wana haraka, jibu liwe fupi. "Mtu sijamjulia hali nimtajie bei?" Mwahija alihamaki. "Mimi nauza dagaa?" Wakakubaliana salamu ibaki, ila wazazi waulizwe mgeni akishafika. Mpaka leo anawauliza, na kuna mama mmoja wa Ujerumani anayempigia mpaka sasa kumweleza goti la baba yake.

Video ilipelekwa, tukangoja. Maalim Abdurahmani alitangaza baada ya swala ya Ijumaa kwamba kila mwenye simu apite mbele ya gesti na akiulizwa aseme pako wazi, na nyie mngeona wazee walivyopita na kurudi siku ile. Kama ni wao waliosaidia au ni video sijui. Siku moja asubuhi Stefania alikuja anakimbia, viatu mkononi. Maandishi mekundu yalikuwa yametoka. Mwahija alikaa chini penye vumbi na kusema alhamdulillahi mpaka nikahofu hatanyanyuka.

Wageni hawakumiminika. Alikuja mmoja, akafuata mtu na mkewe, akarudi Huseni, amehama kutoka ile gesti ya ng'ambo na begi lake lenye zipu mpya. Idi ilikuwa inakaribia na sisi tunahesabu viatu mlangoni. Nilikuwa naamka usingizini nawaza saruji. Kisha chuo kimoja kikapiga simu. Wanafunzi na walimu wao wanakuja kutazama magofu, wamesoma kwenye tovuti kwamba chai ipo kabla ya alfajiri, je, ni kweli? Gesti nyingine zote ziliwaambia saa mbili.

"Ni kweli," Mwahija alisema. "Mmeamkaje huko?"

Wanafunzi wamo ndani tayari alipotokea Salumu, alasiri, Idi imebaki siku chache. Alishuka kwenye bodaboda na futi ya chuma mkononi, ametumwa na bwana wa saruji kupima vyumba. Akaona viatu. Vilianzia mlangoni vikaenda mpaka kwenye ukuta wangu. Alisimama akavitazama kwa muda, kisha akabisha hodi kwenye nyumba ya baba yake kama mgeni.

"Karibu, shemeji," Mwahija alimwambia. "Chai ipo. Ila chumba leo hakuna."

"Hakuna vipi? Mimi nitalala kile cha mwisho."

"Cha mwisho yumo mwalimu wao. Kinapendwa sana, kinapata upepo."

Salumu akacheka akidhani anataniwa. Akapita koridoni, akagonga huku, akasikia watu, akagonga kule, akatoka kijana na taulo shingoni akamwamkia. Aliporudi barazani futi ilikuwa imeshaingia mfukoni. Ilibidi Issa, mume wangu, ampe kochi la sebuleni kwetu. Nilimtandikia shuka zuri, sina kinyongo, ila nilimtandikia nikiimba.

Alfajiri niliamshwa na vikombe. Nikavuka. Uani taa zinawaka, vijana wanakula mihogo na pweza wakiwa wamesimama, Mwahija anamimina chai huku anamuuliza mmoja kama amempigia mama yake. Salumu alikuwa ameketi kwenye ngazi na sahani, kwanza nilidhani anakula tu, kumbe anatazama. Alimtazama shemeji yake anavyozunguka, nani anamwita, nani anamrudishia kikombe kwa mikono miwili. Mtu wa boti alipopiga simu wote wakaondoka kwa mkupuo, ua ukabaki mtupu na kimya.

Salumu akanawa mikono, akatoa simu, akampigia dada yake Lindi mbele yetu. "Yule wa saruji atafute kwingine," alisema. "Hapa kuna kazi. Sisi tutapata fungu letu humohumo, nyumba ikae na mwenyewe." Alipokata simu alikohoa, akamgeukia Mwahija. "Nikija tena, nipige kwanza?"

"Piga, shemeji. Au tazama kwenye tovuti."

Aliondoka na bodaboda anacheka peke yake. Mwahija alisimama na birika mkononi mpaka mlio wa pikipiki ukapotea upande wa stendi. Halafu akaliweka chini, akanishika mabega yote mawili kwa nguvu kama anataka kunipima nguo.

"Mwanaidi," alisema, "sihami."

"Huhami."

"Sihami, shoga yangu."

Alilia hapo kilio ambacho hakuwa amekilia wakati wote ule, mimi nikamfuata, tukalia katikati ya vikombe vichafu mpaka Issa akaja mbio kuuliza nani kafa.